Utumbo wa mbuzi na sukrasi iliyopotea: kosa ni barafu, mashine au mbuzi mwenyewe?

#1 KijanaWaMaweni
Salaam wanabaraza. Naomba akili zenu, zangu zimegota.

Niko mwaka wa mwisho, na mradi wangu ni kutenga utando wa seli za utumbo mwembamba, ule upande unaotazama chakula. Chini ya hadubini upande huo una vinyweleo vidogo vidogo vilivyosimama kama brashi ya viatu, ndiyo maana unaitwa ukingo wa brashi. Seli ikisagwa, utando huo hukatika vipande na kila kipande hujifunga chenyewe kikawa kifuko. Ndani ya vifuko hivyo unaweza kupima sukari inavyopita.

Ninavyofanya: alfajiri nafika kichinjioni hapa Malindi, nachukua utumbo mwembamba mita moja na nusu, nautupia kwenye kasha la barafu, napanda matatu hadi chuoni. Naupasua, nausafisha kwa maji baridi ya chumvi, nakwangua ngozi ya ndani kwa kioo cha hadubini. Nasaga ndani ya maji yenye manitoli milimola 50 na Trisi ya kutunza uchachu, natia kalsiamu kloridi mpaka ifike milimola 10, naacha juu ya barafu dakika 20. Kisha sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha mirija: 3,000 kwa dakika 15, mashapo natupa, maji ya juu nayazungusha tena kwa kasi ya mwisho ya mashine kwa nusu saa. Mashapo ya pili ndiyo utando wangu.

Maelekezo yanasema kimeng'enya cha sukrasi, kinachovunja sukari ya mezani na kukaa kwenye ukingo wa brashi, kiongezeke mara kumi na zaidi kwa kila miligramu ya protini. Mimi nimepata sifuri. Si kidogo, ni sifuri. Fosfatasi ya alkali, kimeng'enya kingine cha ukingo huo huo, nayo imepanda mara tatu tu. Nimerudia kazi hii mara tatu, mbuzi watatu tofauti. Msimamizi anasema barafu. Fundi wa maabara anasema mimi. Mimi nasema ni sentrifuji, ambayo imezaliwa kabla yangu. Nyinyi je?

#2 MuuzaPweza
Mita moja na nusu ya utumbo inaenda kuzungushwa kwenye mashine, na huku kuna watu wana mkaa na ndimu tayari. Kosa ni lako.

#3 FundiMstaafu
3,000 ya nini, mwanangu?

#4 KijanaWaMaweni
Mizunguko kwa dakika, Mzee. Ndivyo kioo cha mashine kinavyoandika.

#5 FundiMstaafu
Basi nimeshakamata mwizi wa kwanza. Maelekezo yakisema 3,000 kwenye kazi hii, yanamaanisha mara 3,000 ya mvutano wa dunia, si mizunguko. Chukua rula, pima kutoka katikati ya rota, kile kichwa kinachozungusha mirija, hadi chini ya mrija. Tuseme ni sentimita 8. Zidisha 8 kwa mizunguko kwa mizunguko, kisha zidisha kwa 0.00001118. Mizunguko 3,000 inakupa kama 805 tu. Ili ufike 3,000 ya kweli unahitaji mizunguko karibu 5,800.

Maana yake nini? Kalsiamu uliyotia imeshikanisha takataka zote: utando wa ubavuni mwa seli, wa mitokondria, wa ndani ndani. Zile bonge ndizo zinatakiwa zizame kwenye mzunguko wa kwanza. Wewe umezungusha kichovu, nusu ya bonge zimebaki juu, ukazimwagia kwenye mzunguko wa pili na kuziita utando safi. Hapo fosfatasi haiwezi kupanda, kwa sababu unaigawa kwa protini za wageni.

Na mzunguko wa pili? Unataka kama 27,000. Kwa rota hiyo hiyo ni mizunguko zaidi ya 17,000. Mashine yenu inafika ngapi?

#6 KijanaWaMaweni
15,000. Na ikifika hapo inaimba.

#7 FundiMstaafu
Hiyo ni kama 20,000 ya mvutano. Si haba. Ongeza muda, zungusha saa nzima badala ya nusu saa. Ila kama inaimba, simama mbali na uangalie mizani ya mirija. Nimeshaona rota ikitoboa kifuniko. Hadithi ya siku nyingine.

#8 BiMkubwaShela
Mzee Fundi amesema la maana lakini nadhani amerukia mwisho wa safari. Mimi naanzia kichinjioni. Mbuzi akishachinjwa, utumbo ndio unaoharibika kwanza. Umejaa vimeng'enya vya kongosho vya kumeng'enya nyama, na sasa hakuna damu ya kuleta hewa. Ncha za vilai, vile vidole vidogo vya ukuta wa utumbo, huanza kubanduka ndani ya dakika chache tu, na ukingo wa brashi uliokomaa uko kwenye ncha hizo hizo! Kufika chuoni, ukiupasua na kuusafisha kwa maji ya chumvi, unamwaga chini kile unachokitafuta.

Halafu umesema "nautupia kwenye kasha la barafu". Umeutupia mtupu, au ndani ya mfuko? Barafu ikiyeyuka ni maji matamu. Seli iliyozoea chumvi ya mwili ikilala kwenye maji matamu huyanywa mpaka ipasuke.

Mwanangu, beba chupa ya maji ya chumvi iliyolala kwenye barafu usiku kucha, suuza utumbo hapo hapo kichinjioni, funga kwenye mfuko wa plastiki, ndipo uuzike kwenye barafu. Bora zaidi ukwangue pale pale. Acha watu watazame, watakuzoea.

#9 MuuzaPweza
Kwa hili Bi Mkubwa yuko sawa kabisa na hata sisi wavuvi twalijua. Samaki akiogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka, macho hugeuka meupe na nyama inalegea. Barafu iwe juu na maji yatiririke chini. Kumbe nina shahada na sikuwa najua.

#10 Mwana_wa_Kipungani
Bi Mkubwa samahani, Shela ipi? Ya Lamu au ya Malindi? Kuna watu hapa wanajificha nyuma ya jina.

#11 BiMkubwaShela
Shela ya Lamu, kwani kuna nyingine? Hiyo ya Malindi ni mtaa.

#12 KijanaWaMaweni
😂 Bi Mkubwa, mtaa wetu una barabara na magari. Shela yenu ina mchanga na punda.

#13 DaktariWaPunda
Nimeona punda wametajwa nikaingia. Nimesoma kuanzia #1 na nimeshangaa hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa: kwa nini mbuzi?

Mbuzi ni mnyama anayecheua. Majani na sukari yoyote anayokula inachachushwa na wadudu wa tumbo la kwanza, kinachofika kwenye utumbo mwembamba ni mabaki. Wanyama wanaocheua hawana sukrasi kwenye utumbo. Ng'ombe hana, kondoo hana, mbuzi hana. Unaweza kubadilisha barafu, mashine na msimamizi, bado utapata sifuri, kwa sababu sifuri ndilo jibu sahihi. Maelekezo yako bila shaka yaliandikwa kwa sungura, panya au nguruwe.

#14 KijanaWaMaweni
Daktari. Miezi miwili. MIEZI MIWILI.

#15 Mwana_wa_Kipungani
Malindi walimpeleka twiga hadi Uchina mwaka 1415, na twiga naye anacheua. Kumbe ni mila yenu kusafirisha wanyama wasio na sukrasi.

#16 FundiMstaafu
Nampa Daktari heshima yake, hilo la sukrasi limekwisha. Lakini halielezi fosfatasi. Fosfatasi ya alkali mbuzi anayo, na imepanda mara tatu tu. Bado namshuku yule wa mizunguko.

#17 BintKemia
Habari za jioni. Mimi niko nje, nafanya kazi ya figo kwa njia karibu sawa na hii, ila natumia magnesiamu badala ya kalsiamu. Kijana, andika hapa bafa yako yote, yaani maji unayopimia fosfatasi. Yote, usifiche kitu.

#18 KijanaWaMaweni
Trisi, EDTA (ile kemikali inayonasa madini) milimola 5 ili kumaliza kalsiamu iliyobaki, magnesiamu kidogo, na ile kemikali inayogeuka njano. Na mwisho nasuuza vifuko kwa bafa ya fosfati kabla ya kupima.

#19 BintKemia
Ndiyo hapo. Fosfatasi ya alkali ina zinki moyoni, bila zinki haifanyi kazi. EDTA inanyofoa zinki. Halafu unaisuuza kwa fosfati, ambayo ndiyo zao la kazi yake, na zao hilo huiziba. Yaani umemfunga mtu mikono, ukamjaza mdomo, kisha unamlaumu haimbi.

Pima tena bila EDTA na bila fosfati, tia magnesiamu na zinki kidogo. Halafu usitegemee kimeng'enya kimoja tu. Kwa mbuzi tumia aminopeptidasi, kimeng'enya kinachokata vipande vya protini, anayo, na iko kwenye ukingo wa brashi.

#20 FundiMstaafu
Kwa hiyo unasema mashine haina kosa?

#21 BintKemia
Sijasema hivyo Mzee, nisamehe. Nasema kosa likiwa kwenye kupima hatujui hata kama kuna kosa kwenye kutenga. Huenda utando wake ni safi na kipimo ndicho kipofu.

#22 DaktariWaPunda
Au mbuzi alikuwa mgonjwa. Mbuzi wengi wa pwani yetu wana minyoo. Yule wa *Trichostrongylus* anakaa kwenye utumbo mwembamba na anazifanya vilai ziwe fupi na bapa. Vilai bapa, brashi kidogo. Kijana, ulitazama kinyesi cha hao mbuzi watatu?

#23 KijanaWaMaweni
Daktari, nilikuwa natazama saa. Matatu ya kwanza hujaa.

#24 MwanaKaya
Ndugu zangu, mimi sijui kemia, niko upande wa Ganda, lakini kuna kitu nimekisoma kwenye karatasi ya binti yangu kuhusu kazi kama hii. Kulikuwa na dawa inaitwa wabaini. Akaniambia inatoka kwa mti wa sumu ya mishale. Ni kweli au ananitania?

#25 BintKemia
Ni kweli kabisa, Mzee. Jina lenyewe limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mshale. Mkemia Mfaransa aliyeitwa Arnaud aliitenga kutoka kwa mti huo karne ya 19.

Na kwenye kazi ya Kijana inahitajika hivi: ubavuni na chini ya seli ya utumbo kuna pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Haitakiwi kuwepo kwenye ukingo wa brashi. Kwa hiyo unapima pampu hiyo kwenye utando wako, na ukiiona nyingi unajua umechafuliwa na utando wa ubavuni. Unajuaje unachopima ni pampu hiyo na si kimeng'enya kingine? Unapima mara mbili, bila wabaini na pamoja na wabaini. Wabaini inaizima pampu hiyo peke yake. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo pampu.

#26 MwanaKaya
Basi hiyo ni utsungu! Waata na Wagiriama waliuchemsha kutoka kwa gome na mizizi, wakaupaka mishale ya ndovu. Mzee wangu aliniambia nyama ya mnyama huyo ililiwa, kinachokatwa na kutupwa ni pale mshale ulipoingia.

#27 DaktariWaPunda
Na kuna sababu. Ikimezwa haipenyi vizuri kwenye utumbo, ikiingia kwenye damu inasimamisha moyo. Lakini tafadhali asitokee mtu hapa akajaribu. Na Kijana, ukiishika maabara vaa glavu.

#28 MuuzaPweza
Yaani mzungu kaja kuchukua sumu ya babu zetu ili apime utumbo wa mbuzi. Na sisi tulikuwa tunapimia ndovu.

#29 FundiMstaafu
Na hiyo pampu ilipatikana kwa kaa, usishangae. Jens Christian Skou, Mdenmaki, mwaka 1957. Alichukua neva za miguu ya kaa wa ufukweni, akazisaga, akaona kimeng'enya kinachokula nishati kikiwepo sodiamu na potasiamu pamoja. Miaka 40 baadaye, 1997, akapewa Nobeli ya kemia, nusu yake, nusu nyingine wakagawana Boyer na Walker.

#30 MuuzaPweza
Kaa?? Mzee mimi nina kaa wa mikoko hapa nyumbani wamefungwa miguu, wanatazamana nami. Nimewauza bei rahisi miaka yote.

#31 Mwana_wa_Kipungani
Ndoo Lamu yeo, tukupe kaa na Nobeli pamoja.

#32 BintKemia
Na papa pia, MuuzaPweza. Papa ana tezi ndogo karibu na mwisho wa utumbo, mfano wa kidole, inayotoa chumvi iliyozidi mwilini. Kazi yake iligunduliwa 1960. Tezi hiyo imejaa ile pampu kuliko karibu nyama nyingine yoyote, kwa hiyo watu wamekuwa wakitenga utando wake kwa miaka. Umbo la pampu ya papa lilichorwa atomi kwa atomi mwaka 2009. La figo ya nguruwe lilitangulia, 2007.

Kwenye figo njia inayotumika sana ni ya mtafiti Jørgensen, 1974. Unakata ile sehemu nyekundu iliyoiva kati ya gome na moyo wa figo, unasaga, unazungusha, kisha unatia sabuni ya SDS kidogo sana. Sabuni ikiwa kidogo inaosha protini nyingine na kuacha pampu imekaa ndani ya utando wake. Ikizidi kidogo tu, umeua kila kitu. Mwisho unapandisha kwenye ngazi za sukari, nzito chini na nyepesi juu, utando unasimama kwenye uzito wake.

#33 MuuzaPweza
Tezi ya papa hiyo naijua! Ukipasua papa iko pale nyuma, hutupwa na matumbo. Hakuna jina tunaloliita. Na yule samaki taa anayepiga shoti je? Siku moja nimevuta jarife usiku, nikashika mgongo wake, mkono ukafa ganzi mpaka begani, wenzangu wakadhani nimepagawa.

#34 BintKemia
Huyo ndiye mfalme. Kiungo chake cha umeme kimejaa utando wenye vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo neva huamrishia misuli, vile vile vilivyo kwenye misuli yetu. Miaka ya 1970 walivitoa kwake, wakivinasa kwa sumu ya nyoka inayoshikamana navyo peke yake. Kwenye misuli ya kawaida ni kama kutafuta sindano ufukweni, kwa taa huyo ni ghala.

#35 KijanaWaMaweni
Wadau tumetoka Malindi tumefika kwa papa, nami bado nina utumbo kwenye friji. Swali jingine: kwa nini hasa kalsiamu inashika utando mwingine na kuuacha ukingo wa brashi? Msimamizi ameniuliza kwenye kikao, nikasema "kwa sababu ya chaji", akasema "chaji ipi?"

#36 FundiMstaafu
Chaji hasi. Utando wote una chaji hasi juu yake, kalsiamu ina chaji mbili chanya, kwa hiyo inakuwa kama kamba ya kufunga utando mmoja na mwingine. Ukingo wa brashi una sehemu hasi chache au zimekaa mbalimbali, kamba haipati pa kushika. Ndivyo nilivyofundishwa.

#37 BintKemia
Mzee, mbona ukingo wa brashi umefunikwa na protini zenye sukari, na nyingi ni hasi kweli kweli? Mimi nafuata wale wanaosema ni koti. Koti la sukari ni nene, linazuia utando mmoja usikaribie mwingine vya kutosha kalsiamu ishike pande zote mbili.

#38 BiMkubwaShela
Na wengine tunasema ni umbo. Ndani ya kila kinyweleo kuna nyuzi za aktini zimesimama kama boriti. Kipande kinakatika kikiwa kigumu, chembamba, kimejikunja. Utando wa ubavuni ni mpana na laini, unalaliana. Boriti mbili za mviringo zitagusana sehemu moja tu, makuti mawili yatagusana kote.

#39 FundiMstaafu
Makuti na boriti. Bi Mkubwa ukiandika kitabu nitanunua. Lakini vifuko vikishajifunga nyuzi nyingi zimeshatoka, na bado kalsiamu haivishiki.

#40 BiMkubwaShela
Zimetoka zote? Nani alihesabu?

#41 Mwana_wa_Kipungani
Natoa mfano wa jahazi: chokaa na sifa, yale mafuta ya papa...

#42 BiMkubwaShela
Usianze.

#43 BintKemia
Kwa vyovyote, Kijana, badilisha kalsiamu uweke magnesiamu. Kalsiamu inaamsha vimeng'enya vinavyotafuna mafuta ya utando, unaishia na vifuko vinavyovuja. Magnesiamu ina tabia nzuri zaidi.

#44 FundiMstaafu
Ina tabia nzuri lakini haifungi bonge vizuri hivyo. Unapata hapa, unapoteza pale.

#45 Ustadhi_wa_Biolojia
Samahani kwa kuchelewa. Mbona mnahangaika na utando mzima? Siku hizi watu wanatafuta chelezo. Ndani ya utando kuna sehemu zilizojaa kolesteroli na mafuta magumu, zinaelea kama chelezo baharini, na protini fulani zimepanda juu yake. Saga utando kwenye sabuni ya Triton baridi nyuzi 4, laini itayeyuka, ngumu itabaki. Weka chini ya ngazi ya sukari, asilimia 40 chini, 30 katikati, 5 juu, zungusha usiku kucha kwenye mashine kubwa. Chelezo zinapanda zenyewe mpaka kati ya 5 na 30. Watafiti Simons na Ikonen waliandika juu ya hizi 1997.

#46 BintKemia
Ustadhi, karibu, lakini hapo ndipo ugomvi mkubwa ulipo. Je, chelezo zilikuwepo kwenye seli, au Triton na baridi ndizo zimezitengeneza? Mafuta yakipoa hujikusanya yenyewe. Ukiona samli imeganda asubuhi huwezi kusema ilikuwa mabonge mwilini mwa ng'ombe.

#47 Ustadhi_wa_Biolojia
Lakini samli haina protini zilizochagua kupanda. Kwa nini zile zile zinarudi kila mara?

#48 BintKemia
Kwa sababu nazo zimeshikwa na mafuta magumu kwa mkia. Zitafuata mafuta popote yanapojikusanya, hata ukiyakusanya wewe.

#49 MuuzaPweza
Mimi niliyewahi kulala juu ya chelezo nawaambia zipo.

#50 KijanaWaMaweni
Ustadhi, mashine inayoimba kwenye 15,000 haiwezi kazi hiyo. Tuliache.

Matokeo: Jumamosi nilikwenda kichinjioni na chupa ya Bi Mkubwa. Nimesuuza pale pale, nimekwangua pale pale juu ya meza ya chuma (watu walisimama kutazama, mmoja akauliza natafuta dhahabu). Nimepima rota, sentimita 8.4. Mzunguko wa kwanza 5,700, wa pili 15,000 saa nzima. Nusu ya sampuli nimetia kalsiamu, nusu magnesiamu. Fosfatasi nimeipima bila EDTA na bila fosfati. Na aminopeptidasi.

Kalsiamu: fosfatasi imepanda mara 8, aminopeptidasi mara 9. Magnesiamu: fosfatasi mara 7, aminopeptidasi mara 11. Pampu ya wabaini kwenye zote mbili iko chini ya mwanzo, maana yake utando wa ubavuni umepungua.

#51 FundiMstaafu
Mizunguko! Si nilisema?

#52 BiMkubwaShela
Umekwangua kichinjioni. Hiyo ndiyo iliyobadilika.

#53 BintKemia
Umeondoa EDTA. Jamani, amebadilisha vitu vinne kwa siku moja, hakuna anayeweza kudai chochote hapa. Kijana, hongera sana, lakini bado una sampuli ya zamani kwenye friza? Ipime leo bila EDTA. Ikipanda hadi 8 na yenyewe, basi Mzee Fundi na Bi Mkubwa wote wakae chini.

#54 KijanaWaMaweni
Nimepima. Ya zamani imepanda hadi 5.

#55 BiMkubwaShela
Tano si nane.

#56 FundiMstaafu
Wala si tatu. Lakini ilikaa kwenye friza wiki ngapi? Na friza ya nini, ya kawaida?

#57 KijanaWaMaweni
Friza ya nyumbani. Pamoja na maziwa ya dada.

#58 DaktariWaPunda
Na mbuzi wa Jumamosi alikuwa nani? Umri? Kama alikuwa mwanambuzi anayenyonya hayo matokeo ni mengine kabisa.

#59 KijanaWaMaweni
Mkubwa, Daktari. Kinyesi nilitazama safari hii, sikuona mayai ya minyoo.

#60 DaktariWaPunda
Nyie wengine hamkunisikia. Na jambo la mwisho, Kijana: umesema lengo lako ni kupima sukari inavyopita. Kwa mbuzi mkubwa, ule mlango unaopitisha glukosi pamoja na sodiamu umepungua sana tangu alipoacha kunyonya. Utando unaweza kuwa safi kama lulu na bado sukari isipite. Mlango huo huo ndio unaofanya maji ya chumvi na sukari yaokoe watoto wa kuhara, lakini kwa mbuzi mzima umefungwa kwa sababu hauhitajiki.

#61 KijanaWaMaweni
Kwa hiyo nianze upya na nani? Sungura hapa Malindi wapo wachache. Nguruwe sitaki, mama hatanielewa. Punda?

#62 DaktariWaPunda
Punda hacheui, sukrasi anayo. Ukimgusa punda wa Lamu nitakutafuta kwa mashua.

#63 BintKemia
Kuku. Kuku ana sukrasi, na wanapatikana kila mahali.

#64 FundiMstaafu
Kuku utumbo wake mdogo. Atahitaji wangapi? Na kuku ukimchinja unaye mkononi, hakuna safari ya matatu. Hapo ndipo tutajua kama ni mizunguko au barafu.

#65 BiMkubwaShela
Kwa kuku hakuna safari, kwa hiyo barafu haitajaribiwa. Mzee unajipendelea.

#66 KijanaWaMaweni
Nimeongea na mama wa sokoni, kuku sita wa kienyeji, Ijumaa asubuhi. Ameuliza kwa nini nataka matumbo yao na nyama simtajii. Sukrasi nitaweka hapa usiku huo huo.

#67 MuuzaPweza
Nyama ya kuku sita iko wapi?